Kicheko penye maiti: wasomaji wanavyobishana juu ya My Sister, the Serial Killer

Oyinkan Braithwaite, mwandishi wa Nigeria, alitoa riwaya yake My Sister, the Serial Killer mwaka 2018. Ni kitabu chembamba, chenye sura fupifupi ambazo nyingine hazizidi kurasa mbili, na aliyekianza jioni huenda akakimaliza kabla ya kulala. Ubishi juu yake ndio hauishi. Mmoja atakuambia hajawahi kucheka na kitabu cha mauaji kama alivyocheka na hiki. Mwingine atakuambia alikifunga kwa hasira, na mpaka leo anauliza kilichochekesha ni kipi. Wote wawili wamesoma kurasa zilezile. Binafsi ni mpenzi wa kitabu hiki, lakini kadiri ninavyowasikiliza wasiokipenda ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba wameona jambo ambalo sisi tunaokisifu hulipita haraka mno.

Kwa asiyekijua, kisa chenyewe ni hiki. Korede ni muuguzi katika hospitali moja jijini Lagos. Ni mchapakazi, ana usafi wa kupitiliza, na moyoni ana donge la siku nyingi. Mdogo wake, Ayoola, ni mrembo wa kugeuza shingo za watu, mama yao hampendi mtu kama anavyompenda huyo, na wanaume anaotoka nao huishia kufa mikononi mwake. Riwaya inafunguka Ayoola akimwita dada yake na kumwambia kwamba amemuua Femi. Ni mwanamume wa tatu. Korede hapigi mayowe wala hawaiti polisi. Anakwenda kusafisha. Wanaifunga maiti, wanaishusha kwa lifti, wanaitia kwenye buti ya gari, kisha inatupwa majini kutoka Third Mainland Bridge, lile daraja refu linalounganisha bara na kisiwa cha Lagos. Baadaye Ayoola anajitokeza hospitalini, na daktari Tade, ambaye Korede amempenda kimyakimya bila kuthubutu kumwambia, anamwona na kuzama palepale. Korede anajua kinachoweza kumpata Tade. Msomaji anajua. Tade peke yake ndiye asiyejua.

Mwaka 2019 kitabu kiliingia kwenye orodha ndefu ya tuzo ya Booker na kwenye orodha fupi ya tuzo ya Women's Prize. Mwaka huohuo kilishinda tuzo ya gazeti la Los Angeles Times katika kundi la riwaya za mafumbo na taharuki. Ninazitaja tuzo hizi kwa sababu zinaeleza sehemu kubwa ya mgogoro. Zile mbili za kwanza huwavuta wasomaji wa fasihi nzito, wanaotaka sentensi zilizofikiriwa na maswali magumu kuhusu maisha. Ile ya tatu huwavuta wapenzi wa riwaya za uhalifu, ambao wanajua vizuri kabisa wanachokitafuta: fumbo, dalili, mtego, na mwisho unaofungua kila fundo. Halafu maneno ya kwenye jalada yakawaahidi wote kwamba watacheka. Makundi mawili yenye njaa tofauti yakaandaliwa sahani moja, na ingekuwa ajabu kama wote wangesifu.

Lalamiko la mashabiki wa uhalifu ndilo jepesi kulielewa: hapa hakuna fumbo. Jina la kitabu limeshataja muuaji. Sisi tuliokua na Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, tumezoea kukaa pembeni ya mpelelezi tukishindana naye kuunganisha vipande. Padri Ronald Knox, mwandishi wa Uingereza, alipoandika amri zake kumi za riwaya ya upelelezi mwaka 1929, amri ya kwanza ilikuwa kwamba mhalifu atajwe mapema lakini msomaji asiruhusiwe kuyafuata mawazo yake. Braithwaite ameipindua. Mhalifu tunamjua kabla hatujafungua ukurasa, na mawazo tunayoyafuata mwanzo hadi mwisho ni ya mshirika wake.

Hilo peke yake si kosa. Mwandishi wa Uingereza R. Austin Freeman alishaandika visa vya namna hii katika mkusanyo wake wa mwaka 1912, akionyesha uhalifu kwanza na uchunguzi baadaye, na mfululizo wa televisheni wa Columbo uliwafanya mamilioni ya watu waufurahie mtindo huo. Lakini wanaolalamika wakibanwa hapo huwa na jibu zuri kuliko tunavyodhani. Wanasema: kwa Freeman na kwa Columbo kuna mwindaji. Muuaji tunamjua, ndiyo, ila kuna mtu mwerevu anayemkaribia hatua kwa hatua, na raha yetu imo katika kuhesabu hatua hizo. Hapa mwindaji yuko wapi? Polisi wanakuja, wanauliza maswali, wanalichukua gari la Korede, na hatimaye Korede analipata tena kwa kutoa pesa. Katika Lagos ya riwaya hii serikali ni kitu cha kulipia, na kuna sura nyingine ambamo askari wa barabarani anamsimamisha Korede naye anajinyenyekeza kwa lugha ya mtaani mpaka anaachiwa kwa kitu kidogo. Sura hizo ni kali na zinachekesha. Hata hivyo kila zinapopita zinaondoa hofu kidogo. Kama sheria haitamfikia Ayoola, kwa nini nishike pumzi?

Naona wana haki kwa kiasi hicho. Katikati ya kitabu kuna kurasa ambamo kamba inalegea, na hofu inarudi pale tu Tade anapozidi kuingia ndani. Kinachobaki baada ya polisi kuondoka ni swali la Korede atafanya nini, na swali hilo lina uzito. Aliyekuja akitafuta la kwanza, la kwamba watakamatwa au la, amenyimwa, na hakuna sababu ya kumwambia kwamba hajui kusoma.

Ubishi mkubwa, ule unaowafanya watu wapandishe sauti, ni wa kicheko.

Tuangalie mahali kinapoanzia. Sura ya pili hivi, Korede yuko bafuni kwa Femi anasugua damu. Anazungumza na msomaji kama mtu anayemfundisha mwenzake kazi. Anasema huenda ulikuwa hujui kwamba jiki huficha harufu ya damu. Anasema watu wengi huimwaga ovyo kama dawa ya kila kitu, hawasomi maandishi nyuma ya chupa, hawarudi kuangalia tena pale walipokwishafuta. Yeye huitumia mwishoni tu, baada ya kusugua kwanza. Maelezo ni sahihi, yamepangika, na hayana hata chembe ya kiwewe. Anayecheka hapa anacheka kwa sababu sauti ni ya mama mwenye nyumba anayejivunia sinki lake, na katika nyumba hiyohiyo mna maiti. Hakuna mzaha uliotamkwa. Korede hafanyi utani, anasema kweli tupu ya jinsi akili yake inavyofanya kazi anapobanwa. Wanaokisifu kitabu wana hoja yao hapo: tunamcheka Korede na mipango yake, hatumcheki aliyekufa.

Hoja hiyo inatosha kwa sura mbili tatu. Baada ya hapo Femi anaanza kurudi. Alikuwa mshairi, aliandika mashairi na kuyaweka mtandaoni, na Korede anayasoma. Ana ndugu wanaomtafuta. Ayoola, upande wake, anachoka kuigiza huzuni. Anataka kuposti picha zake kama kawaida, na Korede ndiye anayelazimika kumkumbusha kwamba mchumba wake "ametoweka" na watu wanategemea kumwona akihangaika. Nadhani hapa ndipo wasomaji wanapoachana njia. Mmoja anaona kichekesho bora kabisa kuhusu namna tunavyoomboleza hadharani siku hizi, ambapo majonzi yana ratiba na picha ya kwenda nayo. Mwingine hawezi tena kucheka, kwa kuwa sasa anamfahamu marehemu, amesoma shairi lake, na anaona familia ikihesabu siku.

Mimi nilicheka. Ila nadhani yule asiyecheka amesoma kitabu kama kilivyoandikwa. Mwandishi hakulazimika kutupa mashairi ya Femi. Kuna mchezo maarufu wa kuigiza wa Joseph Kesselring, Arsenic and Old Lace, ulioanza kuonyeshwa mwaka 1941 Broadway, mtaa wa majumba ya maigizo jijini New York. Humo pia kuna dada wawili wauaji, vikongwe wapole wanaowatilia wazee wapweke sumu kwenye mvinyo na kuwazika chini ya nyumba. Watazamaji wamecheka miaka yote hiyo bila dhamiri kuwasuta, kwa sababu waliokufa hawana sura wala sauti. Ni idadi tu ya kuchekea. Braithwaite alikuwa na njia hiyo mbele yake, akaiacha. Alichagua kumpa mmoja wa waliokufa maneno yake mwenyewe. Msomaji anayekasirika, basi, anafanya kazi ambayo kitabu kimemkabidhi, na sisi tunaomwambia "ni kejeli tu, usichukulie kwa uzito" tunakidogosha kitabu tunachodai kukitetea.

Liko swali jingine ambalo watetezi hulikwepa. Tugeuze: muuaji awe kijana mtanashati, waliokufa wawe wasichana watatu waliotoka naye, na kaka yake awe ndiye anayesafisha. Je, tungecheka? Wanaume wengi waliokisoma wanaliuliza, na wanawake pia. Jibu la haraka ni kwamba haiwezi kulinganishwa, maana wanawake huuawa na wapenzi wao kila siku na wanaume kwa nadra, na kwamba nguvu ya kitabu inatokana na kuugeuza mpangilio huo. Kuna ukweli humo. Kwa vizazi vingi riwaya za uhalifu zimefungua ukurasa wa kwanza kwa maiti ya msichana mrembo, na hakuna aliyejali jina lake. Kuona uzuri ukiwa upande wa mshika kisu kunamzindua msomaji. Tade, mtu mwema na msomi, anapoulizwa na Korede anachompendea Ayoola, hana zaidi ya uzuri wake. Wote wanamtazama, hakuna anayemwona, na hilo ndilo linalowaua.

Lakini kueleza kwa nini kitabu kimegeuza mambo hakumjibu anayeuliza kama kicheko ni halali. Femi hakuandika zile riwaya za zamani. Hakumdhulumu mtu yeyote tunayemjua. Nikitafuta jibu ndani ya kitabu chenyewe, ninalipata kwa Korede, ambaye naye hana amani. Ayoola kila mara anadai alijihami. Korede anataka kuamini, na kuhusu Femi anashindwa. Shaka yake inatembea chini ya kila kichekesho. Inawezekana kabisa kucheka na kuwa na shaka hiyo kwa wakati mmoja, na wasomaji wanaokipenda kitabu zaidi, kwa jinsi ninavyowasikia, ni wale walioweza kuishi na vyote viwili. Asiyeweza hana upungufu wowote.

Halafu kuna baba. Katikati ya hadithi, sura za utotoni zinapenyezwa moja moja. Marehemu baba yao alikuwa mtu wa kuheshimiwa nje na wa kutisha ndani. Aliwapiga. Alikuwa tayari kumtoa Ayoola, angali binti mdogo, kwa chifu aliyemhitaji katika biashara zake. Kisu ambacho Ayoola anakitumia kilikuwa cha baba huyo, alikitunza kama johari na hakuruhusu mtu akiguse. Kwangu mimi sura hizi ndizo nzuri kuliko zote kitabuni. Hazina mzaha hata kidogo, na zinaandikwa kwa sauti ileile kavu ya sura ya jiki, hivyo msomaji anatambua polepole kwamba utulivu wa Korede penye damu ulifundishwa nyumbani. Alijifunza kusafisha baada ya baba kabla hajajifunza kusafisha baada ya mdogo wake.

Wapo wanaozichukua sura hizo kama hati ya kumwachia huru Ayoola: aliumizwa, basi anaumiza, na kisu kinarudi kwa wanaume kilikotoka. Siwezi kuwafuata hadi huko. Kama ndivyo mwandishi alivyotaka, angemfanya Femi kuwa mkatili kama baba, na kisa kingenyooka. Hakufanya hivyo. Kwa upande mwingine wapo wanaosema ukatili wa baba umebandikwa tu ili riwaya nyepesi ionekane nzito. Hilo nalo silikubali, kwa sababu ukiondoa sura hizo, Korede haeleweki. Tungebaki na mwanamke anayeficha mauaji kwa ajili ya mdogo wake bila sababu isipokuwa kwamba hadithi inataka hivyo.

Sababu nyingine ni ya kawaida zaidi, na wasomaji waliozaliwa kifungua mimba huitambua mara moja. Tangu utotoni Korede ameambiwa kwamba mdogo ni mzigo wake. Ayoola akivunja bilauri, anayegombezwa ni Korede aliyempa bilauri hiyo. Hesabu hiyo haijawahi kufutwa. Ayoola wa leo anapomwita penye maiti, ni bilauri ileile imevunjika, na dada mkubwa anakuja na dekio. Nimewasikia watu wakisema hawakuamini kwamba mtu anaweza kuficha mauaji matatu kwa ajili ya ndugu, na nimewasikia wengine, karibu wote wakiwa wazaliwa wa kwanza, wakisema hicho ndicho kitu pekee walichokiamini bila shida.

Kuhusu wahusika wengine niseme kwa ufupi, kwa kuwa hapa wakosoaji wananizidi hoja. Muhtar, mgonjwa aliye katika koma ambaye Korede humweleza siri zake zote akidhani hasikii, ni njia rahisi mno ya kumfanya msimulizi aseme kwa sauti. Aliyesoma riwaya mbili tatu za uhalifu anajua kinachokuja pindi Korede anapoanza kumnong'oneza. Wauguzi wenzake hospitalini ni vivuli. Ayoola mwenyewe analaumiwa kuwa sura bila mtu, na hapo naweza kumtetea mwandishi kidogo: tunamwona kupitia macho ya dada mwenye wivu, naye hutuonyesha kile tu anachotaka kukiona. Bado ningependa angalau mara moja Ayoola atushangaze kwa jambo lisilo la uzuri wala la kisu.

Mwisho sitaufichua. Niseme tu kwamba wanaotaka haki itendeke hawaupati, na hasira yao imeeleweka. Vichekesho vya kale humalizika kwa mambo kurudi mahali pake, na riwaya za upelelezi pia, mwenye hatia akitolewa nje ya chumba. Kitabu hiki kimekopa kwa hao wote wawili na kikakataa kulipa. Kwa Korede ninayemjua tangu bafuni, uamuzi anaoufanya naona ndio pekee ungeaminika. Mwisho mwingine wowote ungekuwa zawadi kwetu, na ungemfanya yeye kuwa mtu mwingine.

Kasoro inayonisumbua zaidi sijasikia ikitajwa mara nyingi, si kwa wanaokipenda kitabu wala kwa wanaokichukia. Femi ni wa tatu. Kabla yake walikuwepo Somto na Peter. Wameuawa na mtu yuleyule, wamesafishwa na mikono ileile, na kitabu kinawapitia kwa mistari michache. Femi alipewa mashairi, na kwa mashairi hayo kicheko chetu kikapata gharama. Wale wawili hawakupewa chochote cha kututia aibu, na ndiyo maana hata wasomaji waliomlilia Femi hawakumbuki majina yao. Ikiwa Braithwaite alikusudia kwamba kila kicheko penye maiti kilipiwe, basi amewatoza wasomaji wake kwa maiti moja kati ya tatu.